Glopu Iliyokatazwa Kuzimwa

Paa. Kimya cha pumzi moja. Paa tena. Hiyo ndiyo sauti niliyolala nayo na kuamka nayo mwaka ule, vibao vya gurudumu la mti vikipiga maji ya kijito chini ya nyumba yetu kule Bashay. Mvua ikinyesha huko juu, kijito kilijaa na vibao vikakimbizana, paa-paa-paa, kama mtu anayepiga makofi bila sababu. Watu wa juu wakikinga maji kuyapeleka kwenye mifereji ya mashamba yao, gurudumu lilichoka, paa moja unaisubiri mpaka shingo inauma. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi au kumi na moja, hakuna aliyeandika, na miguu yangu haikujua kutulia. Mama alikuwa akisema nilizaliwa na siafu kwenye nyayo. Sasa mchukue mtoto wa namna hiyo, umfungie ndani ya boma moja kwa miezi, asiende shule, asiende kisimani, asicheze na mtu, halafu umpe sauti ile moja ya kusikiliza. Nilihesabu. Sikuwa na kingine cha kufanya. Nilihesabu makofi ya gurudumu kama mtu mwingine anavyojikuna.

Niwaeleze kwanza nyumba yetu, maana bila nyumba hamtaelewa taa. Ilikuwa nyumba ya zamani ya watu wa milimani, imechimbwa ubavuni mwa mlima, nyuma yake ni udongo wenyewe na juu yake ni udongo, ukipita kwa mbali unaona nyasi tu na moshi unaotoka ardhini. Dirisha hakuna. Mlango mmoja, mfupi, unainama. Ndani kulikuwa na joto zuri, na kule kwetu baridi ya mwezi wa saba inakata masikio, lakini giza lake lilikuwa giza hata saa sita mchana. Mama alichambua maharage kwa vidole, si kwa macho. Ndama walilala upande mmoja, sisi upande mwingine, na harufu ya mkojo wa ndama na moshi wa kuni ilikaa kwenye nguo zetu hata kanisani. Sioni aibu. Kanisa zima lilinuka hivyo.

Taa ililetwa na baba mdogo Amnaay, mdogo wake baba. Huyu alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba ya ngano upande wa Hanang, akishika spana za matrekta, na aliporudi nyumbani alirudi na gunia la vyuma ambalo bibi alitaka kulitupa. Ndani yake kulikuwa na dinamo iliyokufa, glopu chache za taa za gari, mita ndogo ya kupimia ambayo aliifunga kwenye kitambaa kama mtoto mchanga, na kijisaa cha trekta chenye sindano kinachoonyesha umeme unaopita. Dinamo ya kwanza aliyoijaribu iliungua, moshi wa buluu, watu wakacheka wiki nzima. Ya pili akaisuka upya nyaya zake kwa mkono wake, akatengeneza gurudumu, akalifunga kwenye kijito. Mahali pazuri pa maji palikuwa ukingo wa shamba la jirani yetu, Aako Lohay. Aako kwetu ni babu, ndivyo tulivyomwita mzee yeyote wa umri ule. Basi wakapatana: mzee atoe ukingo, naye apate glopu moja nyumbani kwake. Nyingine akaiweka kwetu, kwa sababu baba alikuwa kaka yake mkubwa na hakutaka maneno. Yeye mwenyewe hakujiwekea. Fundi wa viatu hutembea pekupeku.

Namna alivyozifunga ndiyo iliyoleta balaa lote. Waya ulitoka kwenye dinamo ukaingia kwetu, ukapita kwenye kile kijisaa na swichi, ukapita ndani ya glopu yetu, ukatoka, ukaenda kwa Aako Lohay, ukapita ndani ya glopu yake, ndipo ukarudi kijitoni. Njia moja tu, kama ng'ombe wawili wanaopita mlango mmoja, mmoja nyuma ya mwenzake. Alifanya hivyo akiogopa mafuriko. Alisema kijito kikijaa, msukumo ule ukiangukia glopu moja peke yake utaipasua, lakini zikiwa mbili kwenye foleni zinagawana mzigo. Ngoma ikivuma sana hupasuka, alisema. Ilikuwa akili nzuri. Ila ukizima kwetu, kwa mzee nako giza. Mwanzoni lilikuwa jambo la kucheka. Mama akizima mapema, tunasikia kutoka ng'ambo: "Nyie! Mnalala kama kuku? Washeni, natafuta ugoro wangu!"

Halafu mdogo wangu Yosefu akafa. Alikuwa bado ananyonya. Homa ya siku mbili. Sitaki kuikalia habari hiyo, nimeishi miaka mingi bila kuikalia. Ninachotaka mjue ni desturi. Siku hizo, mtoto anayenyonya akifa, nyumba inatengwa. Si kwa chuki, wala hakuna aliyetutukana. Ni kwamba kifo cha namna hiyo kilihesabiwa kama uchafu unaoambukiza, hasa kwa wanawake wajawazito na watoto wachanga. Hamchoti maji wanapochota wengine. Jembe lenu haliazimwi. Mtu akiwasalimu anasimama mbali, ng'ambo ya ua wa minyaa. Na jambo kubwa kuliko yote ni moto. Hamtoi kaa la moto wala hampokei kaa la moto, hata wenu ukizimika usiku wa mvua. Wazee walisema tutakaa hivyo mpaka mahindi yavunwe. Tulikuwa Wakristo, katekista alikuwa Mkristo, na wote tulifuata. Baba alikuwa mahali paitwapo Dirma, kwenye nyanda za Hanang, ambako ng'ombe wetu wengi waliwekwa kwa rafiki yake mfugaji. Alipelekewa habari, akaamua asiwaache ng'ombe, abaki huko mpaka tufunguliwe. Tukabaki wawili, mama na mimi. Dada yangu alikuwa ameolewa mbali.

Mama aliingia ndani akakaa. Siku za kwanza hakuwasha hata taa. Alikaa kwenye kigoda karibu na mahali alipolala Yosefu, giza zito, nikimwita anaitika "mm" kama mtu aliye chini ya maji. Uji nikimpa anaushika mpaka unapoa. Nilikuwa naingia, natoka, naingia, natoka, nazunguka boma kama mbwa aliyefungwa. Siku ya tano au ya sita sikuvumilia, nikawasha swichi. Nilifanya kwa hasira, niwe mkweli, si kwa huruma. Mwanga ukamkuta usoni. Akakunja macho, akatazama huku na huku, akaona vumbi, akaona ungo na maharage yaliyoachwa kabla ya msiba yameanza kuota. Akasema, "Paulina, nyumba hii ina uchafu gani!" Akasimama akafagia. Tangu hapo niliijua dawa. Taa ikiwaka mama anafanya kazi: anachambua, anasuka vikapu, ananikaripia. Taa ikizimika anarudi chini ya maji. Kwa hiyo mtu akiniuliza maishani mwangu niliwahi kulinda kitu gani, nitasema glopu.

Nikawa nakaa chini ya kile kijisaa cha trekta na rundo la maharage. Nilichukua pumzi zangu hamsini kuwa kipimo, kila kofi la gurudumu naweka harage moja pembeni, kisha natazama sindano imesimama mstari wa ngapi. Upuuzi wa mtoto aliyefungiwa. Lakini upuuzi ukirudiwa sana unaanza kuongea. Nikaona kitu ambacho hakikunipa raha. Asubuhi, watu wa juu wanapokinga maji, gurudumu linapiga polepole, glopu ni nyekundu tu kama kaa linalokufa, na sindano iko mstari wa tatu. Jioni maji yakirudi, maharage yanakuwa mara mbili kamili, glopu ni nyeupe huwezi kuitazama, nami nategemea sindano ifike mstari wa sita. Haifiki. Inasimama mstari wa nne na kidogo. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya kumi hivyo hivyo. Unausukuma mara mbili, hauendi mara mbili. Na kitu kingine: nikizima taa ikapoa kabisa, kisha nikawasha, sindano inaruka mpaka mwisho wa kijisaa, tii, halafu inarudi mahali pake kana kwamba imeona aibu.

Baba mdogo hakuruhusiwa kuingia kwetu, naye alikuwa na mke na watoto wa kulinda. Alikuwa akija kila siku ya pili jioni, anasimama ng'ambo ya minyaa, anakohoa, na mimi natoka kumpigia kelele habari za sindano. Nilipomwambia hayo alisema kijisaa kimelegea springi. Hakutaka kusikia. Watu wa spana wako hivyo, kitu kisipoeleweka ni springi.

Sasa Aako Lohay. Msimchukie. Alikuwa mzee mwembamba, mcheshi, mwenye blanketi jekundu na fimbo, na nyumbani kwake alikuwa na mke wa mwanawe aliyekuwa mjamzito, mimba ya kwanza baada ya mbili zilizoharibika. Siku moja mchana alikuja kwenye minyaa, akaita, "Mama Paulina! Toka tuongee." Mama alitoka mpaka mlangoni tu. Baba mdogo naye alikuwapo.

"Ile taa," mzee alisema. "Ni moto au si moto?"

"Ni umeme, Aako," baba mdogo akajibu.

"Sikuulizi jina lake. Ukiishika inaunguza?"

"Inaunguza."

"Basi ni moto. Na inatoka kwangu kwenda kwao, au kwao kuja kwangu?"

Baba mdogo akautazama waya. Mzee akacheka, lakini kicheko kisicho na furaha. "Mimi sikusoma, lakini macho ninayo. Wakizima wao, kwangu kunazimika. Wakiwasha, kwangu kunawaka. Moto wao unalala ndani ya nyumba yao, unaamka ndani ya nyumba yao, ndipo unakuja kumulika tumbo la mke wa mwanangu. Amnaay, wewe ulinipa taa au ulinipa msiba wa kaka yako kwa waya?"

Na alikuwa sahihi, mnaona! Kwa jinsi nyaya zilivyofungwa, kila tone la umeme lililowaka kwake lilipita kwanza ndani ya glopu yetu. Hakuna fundi ambaye angeweza kumbishia. Mzee akasema waya wetu ukatwe, yeye abaki na taa yake, kwa sababu mkwe wake alikaribia kujifungua na wakunga wanataka mwanga. La sivyo yeye mwenyewe ataling'oa gurudumu ukingoni kwake. Akampa baba mdogo siku tatu. Nilimtazama mama. Alikuwa ameshika kizingiti, na niliona anaanza kurudi chini ya maji pale pale, amesimama kwenye jua.

Nilimfuata baba mdogo kwa upande wangu wa ua, yeye akitembea upande wake, tukizungumza katikati ya minyaa. Nikamwambia afunge nyaya mbili, kila nyumba na njia yake kutoka kwenye dinamo. Akasema ameshafikiria hilo na haiwezekani. Alikuwa amechukua glopu ya akiba, ndugu ya hizi mbili, akaipima kwa ile mita yake ya kitambaani. Mita ilisema glopu haina ukaidi kabisa. Ndilo neno alilotumia, ukaidi, kwa ile hali ya kitu kuukatalia umeme usipite. Mjukuu wangu ananiambia shuleni wanaita ukinzani. Vyovyote. Alisema ukaidi ni mdogo mno, ni kama mlango ulio wazi, na glopu mbili zikinywa kila moja kwa mdomo wake bila foleni, zitanyonya dinamo mpaka iungue kama ile ya kwanza. "Moshi wa buluu tena, Paulina. Watanicheka mpaka kaburini. Na dinamo nyingine sina, na wala sitapata."

"Glopu uliyoipima ilikuwa inawaka?" nikamuuliza.

"Ingewakaje, ilikuwa mfukoni."

"Basi umepima iliyolala."

"Wewe mtoto, glopu ni glopu."

Nikampigia kelele, na kumpigia kelele baba mdogo kwetu ni kosa la kuchapwa, ila fimbo isingevuka minyaa. Nilimwambia habari ya maharage tena, kwa mpangilio. Ikiwa baridi inakunywa kama ndama aliyefungiwa usiku kucha, sindano inaruka mpaka mwisho. Ikishapata moto inabana koo. Unavyozidi kuisukuma ndivyo inavyozidi kupata moto, na inavyozidi kupata moto ndivyo inavyozidi kukataa. Ndiyo maana gurudumu likipiga mara mbili sindano haiendi mara mbili. Mita yake imesema kweli, lakini imesema kweli ya glopu baridi, na nani anaangaziwa na glopu baridi? Alisimama. Niliona blanketi lake tu kwenye matundu ya ua. Akaniambia nirudi ndani, nizime, nisubiri ipoe, niwashe, nimwitie sindano inavyokwenda. Nikafanya mara tatu. Mara ya nne akaniomba nimsomee maharage ya asubuhi na ya jioni, naye akawa anachora chini kwa kijiti, anafuta kwa kiatu, anachora. Mwishowe alisema polepole, si kwangu, "Samaki mkunje angali mbichi. Kumbe nilimpima mbichi." Akaondoka bila kuaga, karibu anakimbia.

Kesho yake tulifunga. Yeye alifanya upande wa kijito na upande wa mzee. Upande wetu nilifanya mimi, kwa sababu mkono wake haukuruhusiwa kugusa kitu cha kwetu. Alinirushia koleo juu ya ua akisema, "Hilo sasa ni lako, sitalichukua tena," na kwa fundi hiyo si sadaka ndogo. Nilipanda kwenye kinu, nikamenya waya kwa meno pale koleo liliponishinda, yeye akinielekeza kwa sauti: "Mwekundu juu! Usiguse pamoja! Nimesema juu, Paulina, juu ni wapi kwenu?" Mama alinishikia kinu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kumsikia akicheka, alicheka kwa pua tu, lakini alicheka. Baba mdogo akaweka kibao mbele ya gurudumu ili maji yaingie kidogo, msukumo uwe nusu, kisha akakifungua taratibu ili glopu zipate moto polepole na zisinyonye kwa pupa. Nikaona wekundu, kisha njano, kisha mwanga. Sindano ikasimama. Nilinusa hewa kama mbwa. Hakukuwa na moshi.

Aako Lohay alisimama mlangoni kwake, akaamuru tuzime. Nikazima. Kwake ikabaki inawaka! Baba mdogo alirusha kofia. Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Haya, washeni." Nikawasha. Na hapo, jamani, glopu yake ikafumba jicho. Ilififia mara moja, chini ya kufumba na kufumbua, ikarudi. Mimi nilijua sababu pale pale: ya kwetu ilikuwa imepoa, imeamka na kiu, imekunywa funda moja kubwa kabla ya kubana koo, na ile ya mzee ikapungukiwa. Lakini mzee aliona kingine.

"Imekonyeza," alisema. "Moto wenu bado unaugusa wangu."

"Aako, ni wakati wa kuwasha tu," baba mdogo alijibu, jasho linamtoka. "Zikishapata moto hazijuani."

"Wakati wa kuwasha tu?"

"Huo tu."

Mzee akafikiri, akisugua fimbo yake. Mkwe wake alikuwa amesimama nyuma yake, mikono juu ya tumbo, na alikuwa ananitazama mimi, si kwa woga, kwa namna ya mtu anayeomba. Kisha mzee akatoa hukumu ambayo sijasikia nyingine kama hiyo popote. "Basi isizimwe. Iwake usiku na mchana mpaka mahindi yavunwe. Siku mtakayoizima na kuiwasha mtakuwa mmeleta moto wenu kwangu, nami nang'oa gurudumu." Kijito hakichoki, hakuna mafuta ya kuisha. Ikawa sheria.

Mkwe wake alijifungua wiki chache baadaye, mtoto wa kike, mzima, tukasikia vigelegele kutoka ng'ambo, na mama aliweka kikapu chini akafunika masikio kwa viganja, kisha akaviondoa akasikiliza. Aliendelea kusuka. Alisuka mchana, alisuka akikosa usingizi, na taa ikawa haizimwi. Watu waliopita njiani walikuwa wanaona mwanga ule mlangoni saa zote wanasema, "Mama Paulina hajambo, taa yake inawaka." Mimi ndiye niliyekuwa nikiharibika. Mwanga usiozimwa ulinichosha kuliko giza. Hakukuwa na kesho wala jana. Shuleni wenzangu walikuwa wameshapanda darasa, nilisikia wakiimba barabarani, nami niko na maharage yangu, tatu, nne na kidogo, tatu, nne na kidogo. Nilipigana na ndama. Niling'oa minyaa. Usiku nilitamani kuona nyumba yetu ilivyo gizani, kama mjamzito anavyotamani udongo.

Mahindi yalikuwa yameanza kukauka, zimebaki wiki chache, kijito kimejaa mvua za mwisho. Mama alikuwa nje akikamua ng'ombe. Nikazima. Nilitaka pumzi kumi tu za giza. Nikahesabu kumi, nikaenda mpaka ishirini, mpaka hamsini, raha ilioje, kama kuvua viatu. Halafu niliposikia kibuyu kikiwekwa chini nikashtuka nikawasha. Glopu ikatoa mwanga mmoja wa buluu, tik, ikafa. Kiwaya chake cha ndani kilikuwa kimekatika, nikiitikisa nasikia kinacheza. Nilijua sababu, hilo ndilo lililoniuma. Mimi niliyemfundisha baba mdogo kwamba glopu baridi haina ukaidi, mimi ndiye niliyeipoza kabisa kisha nikaimwagia mto mzima mdomoni.

Mama aliingia akasimama. Nilimwambia, "Nimeiua." Sikulia, nilikuwa nikimsubiri tu arudi kwenye kigoda. Alikaa, kweli. Alikaa muda mrefu gizani, nami nikakaa kwenye majivu. Kisha nikasikia anapapasa ukutani, anatafuta ungo. Akasema, "Hapa sioni kitu," kama mtu anayelalamikia jambo dogo, akainama akatoka, akakaa nje kwenye jua, mbele kabisa ya njia, akaanza kuchambua. Aako Lohay alikuwa anapita. Nilijificha nikijua amekuja kung'oa gurudumu. Alisimama mbali kama desturi inavyotaka, akamtazama sana. Alikuwa amekonda, mama, mifupa ya mabega imetoka, nywele zimekuwa nyeupe upande mmoja, na ndani ya mwanga ule wa saa zote hata mimi sikuwa nimeona. Mzee akasema, "Mama Paulina. Kumbe ndivyo ulivyo! Sisi tulikuwa tunaona taa tu." Hakuuliza habari ya glopu, nasi hatukumwomba baba mdogo ile ya akiba. Tangu siku ile alikuwa akipita kila asubuhi, anasimama ng'ambo, anazungumza na mama habari za mvua na za ng'ombe mpaka mahindi yakavunwa, na gurudumu hakuling'oa.

Shule iliniponyoka, niliishia darasa la tatu, tuyaache hayo. Sasa naishi Mbulu mjini kwa mwanangu. Nyumba ina madirisha makubwa, umeme wa nguzo, glopu za siku hizi ambazo unazishika kwa kiganja haziunguzi. Mjukuu anasema hazina kiwaya ndani, zina tabia nyingine kabisa. Sawa. Desturi ya kutengwa imekwisha, na sisemi irudi, ilinilia shule yangu. Lakini mwaka huu mke wa mwanangu, Anjelina, amezika mtoto wa miezi minne. Hakuna aliyemtenga. Walikuja wengi, wakajaza sebule, wakachanga, wakaimba. Siku ya nne kila mtu alirudi kazini, na simu zikaendelea kutuma pole kwa wiki moja. Hakuna mzee aliyesema itaisha lini. Chumba chake kinawaka taa mchana na usiku, pazia limefungwa, na majirani wakipita na bodaboda wanatazama dirisha wanasema, wako salama, taa inawaka. Hata mwanangu anasema hivyo. Nilizunguka uani siku kumi na tisa, naingia, natoka, miguu ile ile. Jana nilifungua mlango bila kubisha.

"Shikamoo mama," akasema bila kugeuka. "Usinizimie taa."

"Marahaba. Sizimi," nikamwambia. "Geuka nikuone."

Akageuka. Nilimtazama mpaka akaona natazama. Kisha nikavuta kiti nikakaa naye, na leo nimekivuta tena.